Stelingi Akipinduka: Chumvi na Ukweli wa Picha za Vibonde

KUNA maneno ambayo yakitokea tu kwenye kioo, kabla hata stelingi hajatia mguu, watu wote hunyamaza. Maneno yenyewe ni mafupi: hiki ni kisa cha kweli. Hapo hata yule mshikaji aliyekuwa anabishana kuhusu Simba na Yanga anageuza kiti chake vizuri. Sababu iko wazi. Stelingi wa picha za risasi tunajua hafi, hata apigwe bomu la mkono. Lakini mtu wa kweli, mwenye mama yake na deni la kodi ya chumba, huyo anaweza kushindwa, anaweza kudhalilika mbele za watu, anaweza kurudi kwao mikono mitupu. Ndiyo maana tunamkodolea macho.

Sasa mpenzi msomaji, katika jamii hiyo ya picha kuna ukoo mmoja ambao una wapenzi wengi kuliko unavyodhani: picha za michezo zinazomhusu kibonde. Unazijua. Kibonde hana viatu, hana hela, hana baba, au vyote vitatu. Kocha ni mlevi, au alifukuzwa kwenye mchezo huo huo miaka mingi iliyopita. Watu wanamcheka. Halafu inaingia ile sehemu ya mazoezi na muziki, jua linachomoza, jasho linatiririka, na dakika tatu baadaye mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi anaruka ukuta. Mwisho ni siku ya mechi. Utadhani zote zimepikwa na mama lishe mmoja, kwenye sufuria moja.

Na bado tunalia. Tena si akina dada peke yao. Nimewaona mabaunsa wa mlangoni wakijifanya wana vumbi machoni.

Leo basi tufunue hiyo sufuria. Chumvi imetiwa kiasi gani, na nani anaumwa presha kwa sababu yake? Maana watu hawa walikuwepo kweli, wengine bado wapo, na kuna familia ambazo zinaona jina la mzee wao likichafuliwa mbele ya dunia nzima ili wewe na mimi tupate wa kumzomea.

WAJAMAIKA NA BARAFU

Tuanze na mkanda uliowahi kutesa sana kwenye vibanda vya video: Cool Runnings, uliotoka mwaka 1993 kutoka kampuni ya Disney. Kwa ambaye hakuuona, vijana wanne wa Jamaika, nchi ambayo theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi tu, wanaamua kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi katika bobusledi, yaani kile kigari kinachoteremka kwa kasi ya kutisha ndani ya mfereji wa barafu. Mwanariadha Derice anajikwaa kwenye mchujo wa mbio fupi, anakosa Olimpiki ya kiangazi, anamtafuta Mzungu mmoja mnene aliyewahi kuwa bingwa akavuliwa heshima kwa kudanganya, na huyo ndiye anakuwa kocha. Mzungu huyo aliigizwa na marehemu John Candy, aliyefariki Machi 1994, miezi michache tu baada ya picha hiyo kutoka, akiwa na umri wa miaka 43. Picha iliingiza zaidi ya dola milioni 150 duniani kote. Si mchezo.

Haya, ukweli ukoje?

Ukweli ni kwamba Derice hakuwepo. Sanka hakuwepo. Yule mwenye kipara hakuwepo. Kocha aliyevuliwa medali naye hakuwepo. Wazo zima lilianza kwa Wamarekani wawili waliokuwa na shughuli zao Jamaika, George Fitch na William Maloney. Waliangalia mashindano ya mikokoteni ya kule kisiwani, vijana wakiteremka milimani kama vichaa, wakajisemea kwamba hawa jamaa ukiwawekea barafu chini ya mkokoteni tayari una timu. Kumbuka pia kwamba bobusledi inataka watu wenye mbio kali za mwanzo, maana kigari kinasukumwa kwanza ndipo watu wanarukia ndani. Na kwa mbio fupi, Jamaika haijawahi kuwa maskini.

Tatizo likawa moja: wanariadha wenyewe hawakutaka kusikia. Nani akavunjike shingo kwenye barafu ya watu? Ndipo jamaa wakageukia sehemu ambako mtu haulizwi kama anataka, yaani jeshini. Mkubwa aliyefungua mlango huo alikuwa Kanali Ken Barnes. Jina hilo kama linakugonga kichwani, hujakosea. Ni baba mzazi wa John Barnes, yule winga hatari wa Liverpool na timu ya taifa ya Uingereza.

Basi timu ikapatikana. Dudley Stokes, ofisa wa jeshi na rubani wa helikopta, ndiye akawa dereva wa kigari. Devon Harris alikuwa ofisa pia, kijana aliyekulia Olympic Gardens, mtaa wa walalahoi mjini Kingston, akaja kusomea uofisa Sandhurst nchini Uingereza. Michael White alikuwa askari. Kocha alikuwa Mmarekani Howard Siler, mtu mwenye heshima zake, aliyewahi kushindana Olimpiki katika mchezo huo huo. Hakuwa mlevi wala tapeli. Kutoka walipochaguliwa hadi waliposimama juu ya barafu ya Calgary, Kanada, Februari 1988, ilipita kama miezi mitano hivi. Wenzao walikuwa wamezaliwa kwenye barafu.

Kuna jambo moja la kweli ambalo ukilisoma utadhani ndilo limetungwa. Mwenzao mmoja aliumia pale pale Calgary kabla ya mbio za watu wanne. Sasa mdogo wake Dudley, anaitwa Chris Stokes, mwanariadha aliyekuwa anasoma chuo nchini Marekani, alikuwa amekuja zake kumtazama kaka yake tu, kama wewe unavyokwenda uwanjani kumshangilia ndugu. Wakamkamata. Wakampa siku chache za kujifunza, wakamwingiza kwenye kigari. Mtu alikuja na tiketi ya mtazamaji, akaishia kuwa mshiriki wa Olimpiki! Na hili waliopika picha wakaliacha nje. Kusema ule ukweli, sijui walikuwa wanafikiria nini.

Kwenye picha, timu za nchi nyingine, hasa Wajerumani wa Mashariki, zinawatukana Wajamaika na kutaka kupigana nao baa. Wahusika wenyewe wamesema mara nyingi kwamba haikuwa hivyo. Watu waliwapokea vizuri, wengine wakawasaidia vifaa. Fedha ndiyo iliyokuwa adui. Fitch alichomoa fedha zake mwenyewe mfukoni, na pale Calgary ziliuzwa fulana za timu ili mambo yaende. Lakini bila shaka mtengeneza picha ataona tabu kumpiga picha adui anayeitwa Ukata. Hana sura.

Sasa tuje kwenye ajali, ambayo ndiyo roho ya picha. Kwenye kioo, vijana wanakaribia kabisa kupata medali, bolti inachomoka, kigari kinapinduka, na wao wanakibeba mabegani hadi mstari wa mwisho huku ukumbi mzima ukilia. Kwa kweli hapakuwa na habari ya medali hata kidogo. Walikuwa mkiani. Katika mteremko wa tatu walisukuma kigari vizuri sana, wakaingia ndani, halafu kwenye kona kikawashinda. Kikapinduka kwa kasi inayozidi ile ya basi la mikoani lililochelewa, vichwa vyao vikiwa kati ya chuma na barafu. Kikaburuzika mpaka kikasimama. Hawakukibeba, maana kigari kile ni kizito, si jeneza la mtoto. Walitoka mmoja mmoja, wakatembea kwa miguu kando yake kuelekea mwisho, huku wasaidizi wakikisukuma. Watazamaji wakaanza kupiga makofi.

Ukiniuliza mimi, hayo matembezi yanashinda ile kubeba mabegani. Mtu aliyebeba kitu mabegani ameshapata ushindi wa namna fulani. Lakini watu wanne wanaotembea mikono mitupu kando ya aibu yao, dunia ikiwatazama kwenye televisheni, wamejifunika nini?

Na jambo ambalo picha haikukuonyesha ni hili. Wajamaika hawakuishia hapo. Walirudi. Mwaka 1994 huko Lillehammer, Norway, Dudley Stokes akiwa bado dereva, gari la Jamaika la watu wanne lilimaliza nafasi ya 14, mbele ya Wamarekani! Miaka 6 ya kuamka asubuhi, kuomba wadhamini, kupinduka na kuinuka. Hakuna muziki wa dakika tatu unaoweza kuingiza miaka 6. Na mwaka 2022 Beijing, gari la Jamaika la watu wanne lilishiriki tena baada ya kukosekana kwa miaka 24.

FUNDI PLASTA ANARUKA

Ajabu ni kwamba Calgary hiyo hiyo ilizaa picha nyingine. Michael Edwards, Mwingereza wa mji wa Cheltenham, kazi yake fundi wa kupiga plasta, alijitosa kwenye kuruka na skii. Miwani minene kama sehemu ya chini ya chupa ya soda, tena ikawa inaingia ukungu akiwa juu. Mwili mzito kuliko wenzake. Hakuwa na mshindani nchini kwao kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mwenye wazimu huo, na Uingereza haikuwa imepeleka mrukaji Olimpiki tangu 1928. Alipopata habari kwamba amekubaliwa kwenda Calgary, alikuwa anaishi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Finland. Si kwamba alikuwa mgonjwa, hapana. Ndiko alikopata kitanda cha bei rahisi.

Edwards alishika mkia katika mashindano yote mawili aliyoshiriki, na akawa maarufu kuliko waliopata dhahabu. Picha yake, Eddie the Eagle, ilitoka 2016, Taron Egerton akiwa Eddie na Hugh Jackman akiwa kocha wake mlevi. Umeshahisi, siyo? Kocha huyo hakuwahi kuwepo. Mlevi yule yule wa sufuria ile ile.

Kilichofuata baada ya makofi si cha kuchekesha. Wakubwa wa mchezo waliona wamefanywa kichekesho, wakaweka masharti mapya ya kufuzu ambayo yalimfungia mlango kabisa. Mwaka 1992 akatangazwa kufilisika. Baadaye akarudi shule, akasoma sheria, na akahitimu mwaka 2003. Fundi plasta akawa na shahada ya sheria! Hiyo nayo ingekuwa picha, lakini kusoma vitabu usiku hakuna anayeshangilia.

HUYU SASA AMEONEWA

Mpaka hapa chumvi haijamuumiza mtu. Ukitunga kocha mlevi ambaye hayupo, nani atakwenda mahakamani? Matatizo yanaanza pale adui wa kwenye picha anapokuwa mtu wa kweli, mwenye jina lake na wajukuu zake.

Mwaka 2005 ilitoka Cinderella Man, picha ya bondia James Braddock, akiigizwa na Russell Crowe. Kisa cha Braddock ni cha kweli na ni kitamu. Bondia aliyekuwa anapanda chati, mkono wa kulia ukavunjika vunjika, uchumi wa Marekani ukaanguka mwaka 1929, akajikuta anabeba mizigo bandarini na kupanga foleni ya msaada wa serikali ili watoto wale. Alipopata hela tena aliurudisha ule msaada. Ndiyo, aliurudisha, na hilo halikutungwa. Kule bandarini, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa mbovu, alizoea kutumia wa kushoto, na mkono huo ukaja kuwa silaha. Juni 13, 1935, mjini New York, alimpiga bingwa wa dunia Max Baer kwa pointi, raundi 15, wakati waliokuwa wanaweka dau walimpa nafasi moja kwa kumi.

Hadi hapo safi. Lakini kibonde anataka jitu, na jitu akawa Max Baer. Kwenye picha Baer ni mnyama. Anajitapa kwamba ameua watu wawili ulingoni, anamtania mke wa Braddock kwamba atabaki mjane. Ukitoka pale unatamani kumtafuta Baer umtie ngumi mwenyewe.

Ukweli unauma. Ni kweli kwamba mwaka 1930 bondia Frankie Campbell alifariki baada ya kupigana na Baer. Lakini Baer hakujitapa. Alilia, jambo hilo likamtesa miaka mingi, na aliisaidia kwa fedha familia ya marehemu. Yule wa pili, Ernie Schaaf, alifariki 1933 baada ya pambano na Primo Carnera, si na Baer, ingawa Baer alikuwa amempiga vibaya miezi ya nyuma. Baer huyo huyo, mwaka 1933, alipanda ulingoni na nyota ya Daudi kwenye bukta yake, akamchakaza Mjerumani Max Schmeling wakati Hitler ndiyo kwanza ameshika madaraka. Watu waliomfahamu walisema alikuwa mcheshi, mtu wa vituko. Alifariki mwaka 1959, kwa hiyo hakuwepo kujitetea. Mwanawe, ambaye naye alikuwa mwigizaji wa televisheni, alikasirika sana, na mimi simlaumu. Wewe ungejisikiaje kuona baba yako anazomewa Dar, Nairobi na London kwa maneno ambayo hakuyasema?

Wazee walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hapa tumempa mnyonge ushindi wake, halafu haki ya mwenzake tukaiuza kwenye tiketi.

Cha ajabu zaidi, wangeweza kumpata adui wa kweli bila kumsingizia mtu. Uchumi ulioanguka ulitosha. Na kama walitaka ukatili wa ngumi, Braddock huyo alipokwenda kumkabili Joe Louis mwaka 1937 alipigwa akalala raundi ya 8. Lakini kabla ya kupanda ulingoni, meneja wake alikuwa amekwisha funga mkataba wa kulipwa sehemu ya mapato ya mapambano ya Louis kwa miaka kadhaa mbele. Kibonde alijua hesabu, jamani!

Mwaka ule ule wa Wajamaika, 1993, ilitoka pia Rudy. Kijana mfupi anataka kuchezea timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Notre Dame, anasota miaka, na Novemba 1975 anaingizwa uwanjani dakika za mwisho kabisa, anamwangusha mpinzani, anabebwa juu. Kubebwa ni kweli. Lakini ile sehemu ya wachezaji kumwekea kocha jezi zao mezani mmoja mmoja, kila mtu akitaka Rudy acheze badala yake, imetungwa. Joe Montana, aliyekuwa kwenye timu hiyo na akaja kuwa staa mkubwa, amelisema hilo waziwazi. Kocha Dan Devine, anayeonyeshwa kama mtu mwenye roho ngumu, ndiye aliyemchezesha kijana huyo kwa hiari yake. Devine alikubali kubeba lawama ili rafiki yake apate picha. Sasa huyo ndiye muungwana!

NANI ALIPATA HELA?

Kuna Rocky pia, ya 1976. Hiyo haikuandikwa hiki ni kisa cha kweli, na jina la Rocky Balboa limetungwa. Lakini kila mtu anajua mbegu ilitoka wapi. Machi 1975 muuza pombe mmoja wa Bayonne, New Jersey, anaitwa Chuck Wepner, alipanda ulingoni na Muhammad Ali. Alimwangusha Ali raundi ya 9, ingawa Ali alidai alikanyagwa mguu. Akadumu mpaka raundi ya 15, na mwamuzi akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19. Sylvester Stallone aliliona pambano hilo, akakaa chini akaandika. Rocky ikachukua Oscar ya picha bora.

Wepner yeye alibaki na sifa za kijiweni. Mwaka 2003 aliamua kwenda mahakamani dhidi ya Stallone, na mwaka 2006 wakamalizana nje ya mahakama. Miaka karibu 30 ya kuona uso wako ukiuzwa duniani na wewe unauza chupa. Kwa hiyo kijana mwenzangu, siku mtu akija na kamera na tabasamu kukwambia maisha yako yatakuwa picha nzuri sana, mwombe mkataba kwanza. Kukumbatiana kutafuata.

KATWE, HAPA JIRANI

Tuje nyumbani kidogo. Katwe ni mtaa wa walalahoi mjini Kampala, mvua ikinyesha maji yanaingia chumbani bila hodi. Phiona Mutesi alifiwa na baba akiwa mdogo sana, akaacha shule kwa kukosa ada, akawa anatembeza mahindi. Siku moja akamfuata kaka yake kisirisiri kuona anakokwenda. Kaka alikuwa anakwenda kucheza chesi, ule mchezo ambao wazee wa Pwani wanauita sataranji, na hasa hasa alikuwa anafuata uji, maana mwalimu Robert Katende alikuwa na akili: kwanza kikombe cha uji, kisha ubao. Phiona naye alifuata uji. Akabaki kwa ajili ya ubao.

Mwaka 2009 alikuwa kwenye timu ya watoto wa Uganda iliyokwenda kushinda mashindano huko Juba. Mwaka 2010 akaenda Olimpiki ya chesi huko Khanty-Mansiysk, Russia, kwenye baridi la kufa mtu. Mwaka 2012, mashindano yalipofanyika Istanbul, akapata cheo cha kwanza katika ngazi za kimataifa za wanawake. Mwandishi wa Kimarekani Tim Crothers aliandika habari zake gazetini, kisha kitabu, na mwaka 2016 Disney wakatoa Queen of Katwe, mwongozaji Mira Nair, ambaye Kampala anaifahamu kwa sababu ameishi huko. Lupita Nyong'o akawa mama yake Phiona, David Oyelowo akawa Katende, na Phiona akaigizwa na binti wa Kampala, Madina Nalwanga, ambaye alitoka kwenye maisha yanayofanana na hayo.

Mimi picha hii naiheshimu kwa jambo moja. Haina adui wa kubandika. Hakuna Mjerumani wa baa, hakuna bondia wa kusingiziwa. Kocha si mlevi wala Mzungu aliyekuja kuokoa watu. Ni Mganda, fundi aliyesomea uhandisi, mtu aliyekulia yatima, anayemweleza mke wake kwa nini anaacha mshahara mnono. Na Russia, Phiona anafungwa. Anafungwa sawasawa, na analia. Mwisho wa picha, watu wenyewe wa kweli wanakuja kusimama kando ya waigizaji wao, wanatazamana. Hapo ndipo utajua nani ana ujasiri wa kuonyesha asili ya mchuzi.

Lakini sokoni? Picha iligharimu kama dola milioni 15, ikaingiza kwenye majumba ya sinema kama milioni 10. Yaani ile iliyotia chumvi ya gunia ilivuna milioni 150, na hii iliyopika kwa kipimo haikurudisha hata bei ya mkaa. Sisi watazamaji tuna kesi ya kujibu hapo, tusiwasingizie Hollywood peke yao. Phiona mwenyewe aliendelea na zake. Mwaka 2017 alikwenda kusoma chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani, pamoja na Benjamin Mukumbya, mwenzake wa toka enzi za uji.

MZEE WA MBULU

Nikitaja vibonde nisipomtaja John Stephen Akhwari nitapigwa mawe, tena kwa haki. Oktoba 20, 1968, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, juu milimani ambako pumzi ni ya mgawo. Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya mbio, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2 na dakika 20. Medali zikagawiwa, watu wakaanza kuondoka, giza likaingia. Zaidi ya saa nzima baadaye ndipo Akhwari akaingia uwanjani, mguu umefungwa bendeji, anachechemea, wa mwisho katika 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Kamera zilikuwepo, na Mmarekani Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu za Olimpiki, akaisambaza habari hiyo duniani.

Huo ndio ukanda ambao kila mtu anaujua, na mtu akitengeneza picha ya kuigiza naweza kukutajia sasa hivi itaishia wapi: bendeji, giza, makofi. Kocha mlevi hatakosa.

Ila mimi ningeomba waongeze dakika kumi. Maana watu wengi wanadhani Akhwari alikuwa mkimbiaji hafifu aliyejikongoja kwa moyo. Thubutu! Mwaka 1970, miaka 2 tu baada ya Mexico, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Uskochi, goti likiwa limepona, aliingia tena kwenye marathoni na wakimbiaji wakali wa Uingereza, Kanada na Australia. Akamaliza wa 5. Muda wake ulikuwa saa 2 na dakika 15, na siku hiyo hakuna aliyebaki uwanjani kumsubiri.